Kivuli cha Elmu

Kwa karne nyingi elmu, mti mrefu wa nchi za baridi, ilikuwa pambo la mashamba ya Uingereza. Katika miaka ya 1960 magogo kutoka Amerika ya Kaskazini yaliingiza kuvu kali, ienezwayo na mbawakawa. Miti zaidi ya milioni 25 ikafa. Leo wenye bustani watamanio kivuli cha utotoni hununua elmu zilizokwisha kukua, za aina zistahimilizo maradhi, na kuzinywesha maji miaka kadhaa hadi mizizi ishike. Hatuwalaumu. Lakini mji wa Brighton, kwa kuikata upesi miti iliyougua, uliokoa maelfu ya elmu zake. Wahenga walitwambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.