Miaka 200 Bila Padre: Imani Iliyolelewa Nyumbani



Wapendwa taifa la Mungu, mara nyingi tumewasikia wazazi wakilalamika: mtoto amepelekwa kwa katekista, amepata Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, mbona basi hana maadili? Lalamiko hilo linatufunulia jambo moja. Tumeifanya imani kuwa somo la Jumamosi, na nyumba zetu tumezifanya mahali pa kula na kulala tu. Juma hili tuitazame historia ya Wakristo wa Nagasaki, nchini Japani, tuone mazungumzo ya nyumbani yanaweza kubeba mzigo mkubwa kiasi gani.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Japani mwaka 1549, na Injili ikaenea upesi. Lakini tarehe 5 Februari 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Mwaka 1614 watawala waliupiga marufuku Ukristo nchini kote. Padre wa mwisho aliyewahudumia waamini kwa siri, Mancio Konishi, aliuawa mwaka 1644. Tangu hapo hapakuwa tena na Misa, wala Kitubio, wala mafundisho ya hadhara. Ilibaki nyumba.

Katika vijiji kama Urakami, waamini walijipanga wenyewe. Mmoja alitunza kalenda ya sikukuu, mwingine alibatiza watoto, mwingine alipeleka habari nyumba kwa nyumba. Lakini sala na mafundisho hayakuwa na darasa. Baba na mama, babu na bibi, waliyatamka kwa sauti ya chini, na watoto wakayashika kwa moyo, kizazi baada ya kizazi.

Tujiulize: waliwafundisha watoto wao nini? Kila mwaka serikali iliwalazimisha watu wa Nagasaki kukanyaga sanamu ya Kristo au ya Bikira Maria ili kuthibitisha kwamba wao si Wakristo. Wengi walikanyaga kwa hofu ya kuuawa. Waliporudi nyumbani hawakusema kwamba si kitu. Walisali sala ya majuto kamili, waliyoirithi kutoka katika kitabu kidogo kilichoandikwa mwaka 1603. Hapo ndipo tunapoiona shule ya kweli ya maadili. Mtoto wa nyumba hiyo alikua akijua kwamba wazazi wake ni wadhaifu, na kwamba dhambi haifunikwi kwa visingizio, bali huungamwa mbele ya Mungu mwenye huruma. Somo hilo halifundishwi kwa ubao na chaki. Hufundishwa na mzazi anayekubali kutubu mbele ya wanawe.

Tarehe 17 Machi 1865 kikundi kidogo cha watu wa Urakami kilifika katika kanisa jipya la Oura, mjini Nagasaki, lililojengwa na wamisionari Wafaransa kwa ajili ya wageni. Mwanamke mmoja alimsogelea Padre Bernard Petitjean, akamnong'oneza kwamba mioyo yao ilikuwa sawa na moyo wake, kisha akauliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Wakamweleza kwamba walikuwa katika majira ya majuto. Padre alistaajabu, kwa maana siku ile ilikuwa ya 17 ya Kwaresima. Zaidi ya miaka 200 bila padre, nao hawakuwa wameipoteza Kwaresima!

Mateso hayakuishia hapo. Kuanzia mwaka 1868 zaidi ya Wakristo 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa mbali na kwao, na mamia wakafa, kabla marufuku haijaondolewa mwaka 1873.

Tusikosee, wapendwa: hatusemi kwamba nyumba yatosha bila Kanisa. Katika miaka ile mirefu maneno mengi ya sala yalipotoka, na baadhi ya familia hazikurudi kamwe katika ushirika wa Kanisa. Nyumba yahitaji Sakramenti. Lakini historia hii yatufundisha kwamba yale aliyoyasikia mtoto kwa wazazi wake ndiyo yanayobaki mengine yote yanapoondolewa. Ndiyo maana Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, hawaagizi wazazi wawatume watoto mahali. Anawaagiza wazungumze nao. Ndiyo maana pia Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani.

Wale walizungumza kwa kunong'ona, wakihatarisha maisha. Sisi twaweza kuzungumza kwa sauti, lakini tumenyamaza. Televisheni na simu ndizo zinazoongea mezani petu. Jioni ya leo tuzime sauti hizo kwa muda. Tumwulize mtoto siku yake ilikuwaje, nani alimwonea, naye alimwonea nani. Na kama sisi wenyewe tumekosa siku hiyo, tuseme mbele yake: nisamehe. Pengine hilo ndilo neno atakalolikumbuka siku ambayo padre na katekista hawatakuwapo karibu naye.

Familia Takatifu ya Nazareti, utuombee. Jumapili njema.