Magazini ya Alumini: Historia ya Kitu na Jina Lake

Miongoni mwa maneno yanayomsumbua mfasiri wa miongozo ya silaha, limo moja ambalo kwa Kiingereza lina maana tatu: ghala la baruti, jarida la kusomwa, na kile kikasha kinachochomekwa chini ya bunduki ili kuilisha risasi. Maana zote tatu zimetoka katika shina moja. Waarabu husema makhzan, kwa wingi makhazin, yaani mahali pa kuwekea akiba. Neno hilo likapita Italia na Ufaransa hata likafika Uingereza. Maana ya jarida ilianzia London mwaka 1731, Edward Cave alipolipa chapisho lake jina hilo kwa kulifananisha na ghala. Nasi tunao jamaa wa neno hilo tangu zamani: hazina na mhazini. Kwa hiyo askari asemapo "magazini" hatumii neno lililo geni kabisa kwetu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya magazini moja, ile ya alumini ya bunduki za AR-15 na M16 za Marekani. Historia hiyo yaonyesha jinsi maelezo pungufu ya kitu yanavyoweza kumponza anayekitumia.

AR-15 ilibuniwa na Eugene Stoner na wenzake katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 haki za kuiunda zikauzwa kwa kampuni ya Colt. Kuanzia 1964 Colt iliwauzia raia namna yake inayojijaza yenyewe lakini ikatoa risasi moja tu kwa kila mvuto wa kifyatulio. Jeshi nalo lilichukua namna ya rashasha, ikaitwa M16. Magazini yake ya risasi 20 ilitengenezwa kwa bamba jembamba la alumini, kwa sababu alumini ina uzito wa thuluthi moja hivi ya chuma, na askari hubeba magazini nyingi. Ilihesabiwa kuwa kitu cha kutumia na kutupa. Lakini vitani Vietnam askari waliijaza tena na tena, ikaanguka, ikakanyagwa, ikajazwa tena. Hapo ndipo maelezo na matumizi yalipoachana.

Haki ni kusema kwamba si kila kukwama kwa M16 kulitokana na magazini. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord mwaka 1967 iliyatilia mkazo mabadiliko ya baruti yaliyofanywa bila uangalifu wa kutosha. Hata hivyo askari wengi walijiwekea desturi ya kujaza risasi 18 badala ya 20, wakihofia kuibana mno springi.

Magazini ya risasi 30 ilipoenea katika miaka ya 1970, lilizuka tatizo la umbo. Risasi hizi huwa nyembamba kidogo kuelekea mbele. Zikipangwa nyingi, safu yake hupinda mithili ya ndizi. Lakini tundu la bunduki lilikwisha tengenezwa kwa magazini iliyonyooka. Ikabidi magazini mpya inyooke juu na ipinde chini, na kile kibao kinachosukuma risasi kipite penye kona hiyo. Kibao kikiinama, ncha ya risasi huelekea chini na bunduki hukwama. Kibao hicho kilibadilishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2009 jeshi la nchi kavu la Marekani lilitoa magazini yenye kibao kisichoinama, likatangaza kwamba hatari ya kukwama kwa sababu ya magazini imepungua kwa zaidi ya nusu.

Mwaka 1980 ilipendekezwa kwamba umbo la magazini hiyo liwe kipimo cha pamoja cha nchi za NATO. Pendekezo halikuidhinishwa rasmi, ingawa nchi nyingi zililifuata. Mfasiri hana budi kuwa macho hapa. Magazini ikiitwa "sanifu", maana yake ni kwamba inaingia katika tundu. Haina maana kwamba italisha risasi bila kukwama.

Basi anayechagua huangalia nini? Kwanza, midomo, yaani kingo mbili zilizokunjwa kwa juu ili kuizuia risasi isitoke kabla ya wakati wake. Midomo ikiachana, risasi mbili huweza kutoka pamoja. Ikipasuka, magazini hiyo yafaa iondolewe, wala isikunjwe upya kwa koleo. Pili, kiwiliwili kisiwe na mbonyeo, na magazini tupu idondoke yenyewe inapoachiwa. Tatu, kibao kibonyezwe mbele na nyuma, kionekane kama kinainama. Nne, springi iliyolegea ibadilishwe. Mwisho, kila magazini iandikwe namba, ili ile inayokwama mara kwa mara ijulikane na isirudishwe pamoja na nzima.

Kutokana na hayo twapendekeza istilahi zifuatazo. Kikasha chenyewe kiitwe magazini, katika ngeli ya I-/ZI-, kama wasemavyo askari. Hatupendelei "kasha la risasi", kwani hilo ni sanduku lililomo bohari. Karani akiagiza makasha mia ataletewa risasi badala ya magazini. Kile kipande cha bati kinachoshika risasi 10 ili zisukumwe ndani ya magazini ya M16 kiitwe kibanio. Hakina springi, na si magazini. Kibao cha ndani kiitwe kisukumio. Kingo za juu ziitwe midomo. Bamba la chini liitwe kifuniko cha chini, si kitako, maana kitako ni cha bunduki yenyewe.

Zaidi ya majina, twasisitiza fasili. Fasili ya kipuri isiishie kwenye umbo lake. Itaje kazi yake, na ieleze kama ni cha kudumu au cha kutupwa, na dalili za kuchakaa kwake. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wenye maneno bora kuliko haya twawaomba watuandikie, ili yajadiliwe kabla ya kusanifishwa.