Kuni, Wazee na Mahakama: Jinsi Sheria Ilivyoingia Kambini

 Leo tunarudi nyuma kidogo. Tunaeleza ilikuwaje hadi mtu aliyepigwa au kubakwa ndani ya kambi akaweza kwenda hospitali, polisi na mahakamani, na akapokelewa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tutakayoyataja ni mazito. Kama watoto wako karibu na redio, au kama habari hizi zinakugusa wewe mwenyewe, hakuna ubaya kuzima.

Tuanze na karatasi. Mkataba wa Wakimbizi uliandikwa Geneva mwaka 1951, kwa ajili ya watu wa Ulaya waliotawanywa na vita. Ibara yake ya 16 inampa mkimbizi haki ya kufika mbele ya mahakama za nchi alimokimbilia. Mwaka 1969, nchi za Afrika zilikutana Addis Ababa zikaandika mkataba wao, unaomtaka mkimbizi atii sheria za nchi iliyompokea. Ukiisoma miwili hiyo pamoja unaona kwamba sheria inayokubana ndiyo hiyohiyo inayokulinda. Lakini hakuna hata mmoja unaomtaja mke anayepigwa na mumewe ndani ya hema, wala msichana anayeviziwa njiani. Walioandika waliwaza serikali zinazotesa raia. Mume, jirani na mlinzi wa usiku hawakuwamo katika hesabu.

Kilichoanza kubadilisha hesabu hiyo ni kuni.

Mwaka 1991 Somalia ilisambaratika, na watu wakavuka mpaka kuingia kaskazini mashariki mwa Kenya. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa karibu na mji mdogo wa Dadaab. Ule mgao tunaoujua sote ulitolewa: nafaka, maharagwe, mafuta. Cha kupikia hakikutolewa. Wanawake wakatembea kilomita nyingi porini kutafuta kuni, na huko wakakutana na majambazi wenye bunduki, wale ambao Kenya inawaita mashifta. Wengi walibakwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema, kwa sababu aliyesema alitengwa na ukoo wake, na mumewe aliweza kumwacha. Mwaka 1993 baadhi yao walikubali kueleza, na yaliyowapata yakaandikwa katika ripoti zilizosomwa mbali sana na Dadaab. Mwaka huohuo UNHCR, ambayo wengi wetu tunaiita HCR, ilianzisha mradi wa kuwasaidia kwa matibabu na ushauri. Mwaka 1995 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuzuia na kushughulikia ukatili wa kingono dhidi ya wakimbizi. Miongozo mingi mnayosomewa kwenye semina ni mjukuu wa ule.

Baadaye, mwaka 1998, ukaja mradi wa kugawa kuni Dadaab. Watu wengi walifikiri sasa tatizo limekwisha. Wakaguzi walipopima matokeo miaka michache baadaye, waliona kwamba ubakaji porini ulipungua kuni zilipogawiwa za kutosha, lakini mahali pengine uliongezeka. Mama aliyebaki nyumbani hakuwa salama kwa sababu tu hakwenda porini. Somo hilo lilikuwa gumu kwa mashirika, maana gari la kuni ni rahisi kuliko kumkamata mtu na kumfikisha kortini.

Twende sasa Kigoma. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi walimiminika Tanzania, na mwaka 1996 Wakongo nao wakafuata. Ndio mwaka Nyarugusu ilipofunguliwa. Katika kambi za Kibondo na Kasulu hatari ya porini ilikuwepo, lakini nyingine ilikuwa ndani ya nyumba. Mwanamume aliyekuwa na shamba na ng'ombe sasa anapanga foleni ya posho, kadi iko kwa jina lake, na akiiuza posho mkewe akiuliza, anapigwa. Wapo wanaosema kambi ndiyo iliyowaharibu wanaume. Sikubali sana. Foleni ile walisimama wanaume wengi, na wengi wao hawakuwahi kuinua mkono.

Mke akilalamika, alipelekwa kwa wazee. Kwa Warundi hao ni abashingantahe, watu wa heshima ambao kwa vizazi wamesuluhisha ugomvi wa mipaka, mifugo na urithi. Hatuwadharau; bila wao kambi nyingi zingekuwa hazikaliki. Ila mzee anatafuta amani ya familia, na amani hiyo mara nyingi ilimaanisha mke arudi nyumbani, mume aonywe, pombe ya upatanisho inywewe. Shirika la Human Rights Watch lilizungumza na wanawake katika kambi hizo na mwaka 2000 likatoa ripoti. Lilisema wazi kwamba kupigwa na mume kulikuwa kumeachwa kama jambo la nyumbani, na polisi na mashirika walikuwa nyuma sana.

Cha kushangaza, sheria tayari ilikuwepo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Na mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa wakimbizi".

Sheria ikiwa kabatini, hata hivyo, haimlindi mtu. Mei 1999, huko Kasulu, kundi la wanawake wa Kirundi waliokwenda kutafuta kuni na majani ya kuezekea walivamiwa na kubakwa na wanaume wa eneo hilo. Wanaume kumi na mmoja walikamatwa. Wanawake walijitokeza, jambo ambalo si dogo. Oktoba mwaka huo kesi ikafutwa kwa sababu mwendesha mashtaka hakufika mahakamani kwa wakati. Kesi ilikwama mlangoni.

Wakati huohuo, mkoa mwingine wa Tanzania, mambo yalikwenda tofauti. Arusha kulikuwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Miongoni mwa washtakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komini ya Taba. Hati yake ya mashtaka ya kwanza haikuwa na neno ubakaji. Mapema mwaka 1997, shahidi mmoja mwanamke, akieleza habari nyingine, alitaja kwamba binti yake mdogo alibakwa. Majaji walimwuliza zaidi. Mmoja wao alikuwa Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee katika jopo hilo. Shahidi mwingine naye akaeleza aliyoyaona. Juni mwaka huo hati ikabadilishwa, na wanawake zaidi wa Taba wakaja kusema. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ilitoa hukumu: ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kuamua hivyo.

Wakati wa kesi wanawake hao walijulikana kwa herufi tu. Majina yao yalifichwa ili wakirudi kijijini wasidhuriwe. Ukienda leo kwenye kituo cha ushauri kambini ukaona faili yako ina namba badala ya jina, usidhani umedharauliwa. Ni kinga ya aina ileile.

Baada ya hapo nchi zetu ziliandika sheria moja baada ya nyingine: Kenya mwaka 2006, Rwanda 2008, Uganda 2010, Burundi 2016. Ya Kongo, ya tarehe 20 Julai 2006, inastahili kuelezwa zaidi kwa sababu inagusa desturi tunayoijua. Zamani kesi iliweza kumalizwa kwa malipo. Sheria ile inasema hata faini ya maelewano ikilipwa, kesi ya ukatili wa kingono haifi. Kwa hiyo wala mbuzi na kreti la bia havifuti kosa, hata baba wa msichana akivipokea. Inataka pia kesi imalizike ndani ya miezi mitatu. Wakongo wanaotusikiliza wanajua ni mara ngapi muda huo umepita, lakini ni vizuri kujua kwamba umeandikwa.

Hata hivyo, ukiwa ukimbizini sheria inayotumika ni ya nchi uliyomo. Na tatizo la kawaida ni umbali. Nauli, siku ya kazi iliyopotea, watoto waachwe na nani. Ndiyo maana mahakama za kuzunguka zina maana kubwa. Kenya ilizipeleka Dadaab na Kakuma. Uganda ilianza Nakivale mwaka 2013: hakimu, mwendesha mashtaka na karani wanakuja kwa wakimbizi, badala ya shahidi kwenda mpaka Isingiro.

Kwa anayehitaji msaada leo: baada ya kubakwa, nenda kwanza kituo cha afya, mapema uwezavyo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Hata muda huo ukiwa umepita, bado kuna matibabu. Ikiwezekana usioge wala kufua nguo ulizovaa. Kama umeshaoga, nenda vivyo hivyo. Mwanamume au mvulana aliyetendewa hayo hupata dawa hizo za virusi kwa saa zilezile. Polisi wa Tanzania watakujazia fomu inayoitwa PF3, wa Kenya P3, na daktari ataandika alichokiona. Kwenda mahakamani ni uamuzi wako; matibabu na ushauri unavipata hata ukisema bado hujaamua.

Jambo jingine ni mkalimani. Unaweza kuomba wa kike au wa kiume. Na ukimkuta aliyekaa pale ni shemeji wa yule aliyekudhuru, au jirani wa mlango wa pili, mwambie mhudumu kwamba huyo humtaki, umsubiri mwingine.