Deni la Simu: Kutoka Aya ya 282 Hadi Mahakama za Kenya

 

Sisi tuliopitia madrasa tumehifadhi, au tumejaribu kuhifadhi, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Ni aya ya deni. Inatuamrisha tukikopeshana kwa muda maalum tuandike, awepo mwandishi mwadilifu na mashahidi, wala tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Sasa je, meseji ya simu ni maandishi? Sheria ya Kenya ilichukua muda kulijibu swali hilo.

Miaka ya tisini, mchuuzi wa omena wa Mbita au Homa Bay akitaka kumpelekea mtu pesa Migori, alikwenda posta, au alifunga noti kwenye bahasha akamkabidhi dereva. Bahasha ikipotea, ni neno lake na neno la dereva. Machi 2007 Safaricom ikaleta M-Pesa. Benki Kuu iliiruhusu ianze kwa barua tu ya kutokuwa na pingamizi, maana hapakuwa na sheria iliyoizungumzia. Watu wa ziwani hawakungoja bunge! Desemba 2008 kaimu Waziri wa Fedha, marehemu John Michuki, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe, ikaonekana ni salama. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ilikuja 2011. Yaani miaka minne pesa zinapita hewani na sheria iko nyuma inahema.

Upande wa ushahidi nao ulikuwa umejengwa juu ya karatasi. Mabadiliko ya sheria ya mawasiliano yaliyoanza kutumika Januari 2009 ndiyo yaliyotambua rekodi za kielektroniki, yakaingiza kifungu cha 106B ndani ya Sheria ya Ushahidi. Rekodi iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta ikakubaliwa, lakini iwe na cheti cha mtu anayehusika na chombo kile, aeleze ilivyotolewa. Desemba 2014 kikaongezwa kifungu cha 78A: mahakama isikatae ushahidi wa kidijitali kwa sababu tu si wa asili, ila ipime umehifadhiwa vipi, umechezewa au la, na aliyeuandika amejulikanaje. Ndugu yangu, si ndiyo maswali yale yale tuliyofundishwa kumuuliza shahidi?

Mwaka mmoja, Ramadhani kama hii, mamangu mdogo alimkopesha mfanyabiashara mwenzake wa Migori shilingi 18,000. Alituma kwa simu, meseji ikaja na jina, kiasi, tarehe na saa. Idi ikapita, akaanza kudai. Jamaa hakukana kupokea. Alisema ati ile ilikuwa malipo ya samaki! Tukaisoma meseji mara kumi, na wallahi haikuwa na neno "deni" hata moja. Inathibitisha pesa zimetoka huku zikaenda kule, basi. Kwa nini zimekwenda, na zirudi lini, haisemi. Sheria imekubali maandishi ya simu, lakini sisi wenyewe hatukuwa tumeandika.

Kwa kadhi hatungeweza kwenda. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa kadhi hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi tu. (Mdaiwa akifariki ni habari nyingine, kwa kuwa mirathi haigawiwi kabla ya deni kulipwa.) Mahakama ya Madai Madogo, iliyotungiwa sheria 2016 na kuanza kazi Nairobi Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi. Sisi wakati huo hatukuijua, na zile pesa hazijarudi.

Siku hizi mamangu mdogo hatumi kitu kabla ya kuandika meseji: nakukopesha kiasi hiki, utanilipa tarehe fulani. Anangoja ajibiwe "ndiyo, nimekubali". Kisha ananiita mimi na shangazi, nasoma kwa sauti meseji zote mbili, ndipo anabonyeza namba ya siri.