SAFU YA LUGHA: Mchoro, chapa, nakala

Kwenye maduka ya vinyago kando ya barabara itokayo Karatu kwenda lango la Loduare la Ngorongoro, picha za rangi zilizochapwa huuzwa kwa jina la “mchoro”. Si sahihi. Tingatinga, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, ni mchoro kweli: brashi, rangi ya mafuta, ubao mmoja, picha moja. Inayotolewa kwa kugandamiza karatasi juu ya jiwe au bamba lenye wino ni chapa, neno lililotujia kutoka Kihindi, lilelile la alama ya moto kwenye ubavu wa ng'ombe.

Lakini chapa nayo isiitwe nakala. Litografia aliibuni Alois Senefelder, Ujerumani, miaka ya 1790. Msanii huchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe hulowanishwa, kisha wino wa mafuta hushika palipochorwa tu, penye maji hukataa. Kwa picha ya rangi, kila rangi ina jiwe lake. Karatasi ileile hupita kwenye njano, nyekundu, buluu, na ikisogea kidogo tu nyati anaota pembe nne. Godefroy Engelmann alipata hataza ya njia hiyo Ufaransa mwaka 1837. Kila karatasi inayotoka hapo ni kazi yenyewe ya msanii. Nakala ni mchoro uliokwisha kuwapo, ukapigwa picha na kutolewa kwa printa. Wauzaji waandike hivyo kwenye kibandiko cha bei.