Nasaba ya kwale

Kuanzia Tangini hadi kando ya msitu wa Pugu, ndege anayetimka kichakani karibu ya miguu yako ni kwale, basi. Awe na shingo nyekundu, awe na kishungi, mwenye mtego hamuulizi nasaba.

Wanasayansi humuuliza. Mwaka 1991, kambini katika misitu ya Udzungwa, watafiti wa Denmark waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemjua. (Bahati yao mpishi hakuitupa.) Mwaka 1994 akatangazwa kuwa spishi mpya, na jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia, si hawa wetu wa vichakani. Baadaye wakapatikana wengine milima ya Rubeho. Mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure wakawahesabu kuwa aina ndogo ya wale wa Udzungwa. Vinasaba vikapimwa, na mwaka 2005 wakapewa spishi yao.

Vinasaba: nasaba iliyoongezewa kiambishi, inayosomwa kwenye damu au unyoya. Majina mapya ya ndege hayahitajiki. Kwale wa Udzungwa na kwale wa Rubeho yanatosha.