Nguvu au Kulegea? Historia Fupi ya Kusimika kwa Uume

Kiswahili kina njia nyingi za kulisema jambo hili bila kulitaja. Magazeti huandika "nguvu za kiume". Barazani watu husema jogoo hapandi mtungi. Asiye na huruma hutamka neno moja tu, hanithi, na mtu akabaki na jina hilo maisha yake yote. Katika makala haya tunadai kwamba neno "nguvu" limetupotosha, na tutaifuata historia ya elimu ya mwili ili tuone lilipotupotoshea.

Tuanze na upepo. Galeni, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alifundisha kwamba uume husimama kwa kujazwa pumzi inayopita ndani ya mwili. Mafundisho yake yalipokewa na matabibu walioandika kwa Kiarabu, kisha yakarudi Ulaya kwa tafsiri za Kilatini. Mmoja wa wafasiri hao alikuwa Constantinus Mwafrika, aliyefanya kazi Monte Cassino, Italia, katika karne ya 11. Kwa kuwa sababu ilidhaniwa kuwa upepo, dawa nayo ilikuwa vyakula vinavyojaza tumbo gesi, na dengu zilisifiwa kuliko vyote. Tusiwacheke. Hoja yao ilifuatana vizuri, ila msingi wake haukuwa sahihi.

Leonardo da Vinci aliushuku msingi huo. Alitazama maiti za watu walionyongwa, akaona kwamba kilichojaa mle ni damu. Lakini maandishi yake hayakuchapishwa alipokuwa hai. Mwaka 1668 Mholanzi Reinier de Graaf alichapisha kitabu juu ya viungo vya uzazi vya mwanamume. Yeye alipiga maji kwa bomba katika mishipa ya maiti, na uume ukasimama. Hapo hoja ya upepo ilikosa pa kushika.

Wakati wataalamu wakijadiliana, mahakama zilikuwa zikihukumu. Huko Ufaransa, mke aliyedai kwamba mumewe hawezi tendo la ndoa aliweza kusababisha mume huyo atakiwe kuthibitisha uwezo wake, huku waganga na wakunga wakisubiri kuwakagua wote wawili. Mwaka 1659 markizi wa Langey alipitishwa katika mtihani huo mjini Paris. Alishindwa, na ndoa yake ikavunjwa. Baadaye alioa mke mwingine akapata watoto saba. Aibu hiyo ilikuwa ya mahakama sasa, na mwaka 1677 mtihani huo ulipigwa marufuku. Fiqhi ya Kiislamu, inayofuatwa pia na wengi wa mwambao wetu, ilikuwa na njia nyingine: wanazuoni wengi walisema kadhi ampe mume muda wa mwaka mzima, misimu yote impitie, ndipo aamue. Hawakujua kemia ya mwili, lakini walijua kwamba jambo hili lina nyakati zake na kwamba haraka haisaidii.

Kwa nini markizi alishindwa? Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1863 Mjerumani Conrad Eckhard alisisimua kwa umeme mishipa ya fahamu ya nyonga ya mbwa, akaona uume ukijaa damu. Basi amri hutoka kwenye mishipa ya fahamu. Lakini amri hiyo inasema nini? Hapa ndipo penye mshangao: inasema "legea".

Ndani ya uume mna tishu mfano wa sponji, yenye vijumba vingi vilivyozungukwa na misuli laini. Wakati wa kawaida misuli hiyo imekazana, na damu inayoingia ni kidogo. Amri ikifika, mishipa ya fahamu hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, misuli hulegea, damu huingia kwa wingi, na sponji iliyojaa huibana mishipa inayotoa damu dhidi ya ganda gumu la nje. Damu inanaswa, uume unasimama. Hofu hufanya kinyume: homoni za woga huikaza misuli ileile. Mtu aliyewekewa watu wa kumkagua nje ya pazia angefaulu vipi?

Nafasi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu iliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Marekani iliidhinisha sildenafili, dawa iliyotengenezwa hapa Uingereza, katika maabara ya Sandwich, Kent. Ilikusudiwa kutibu maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Waliojitolea kuijaribu ndio walioeleza athari nyingine. Dawa hiyo haileti hamu wala haiongezi nguvu. Inazuia tu kimeng'enya kinachokatiza ule ulegevu. Akiimeza mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, shinikizo la damu linaweza kushuka hadi kumuua.

Kwa hiyo tunaposema "nguvu" tunamwambia mgonjwa ajikaze, na kujikaza ndiko kunakomharibia. Tunampeleka pia kwa muuza unga na vidonge visivyojulikana vina nini, badala ya kwa daktari. Na huko ana sababu ya kwenda mapema: mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ugonjwa unaoziba mishipa huweza kujionyesha pale kabla haujafika kifuani. Kisukari na shinikizo la damu nazo hugunduliwa mara nyingine kwa njia hiyo.

Sisi wa chama hiki huombwa mara kwa mara kuwakalimania wazee wetu hospitalini. Mzee akisema jogoo wake hawiki, tusione haya wala tusipunguze maneno. Tumweleze daktari sawasawa, na tuombe moyo wake upimwe.